Harufu ya Petroli Ndani ya Motokaa Kuukuu

Hotuba kwa wenye motokaa na madereva wapitao Kiboko, katika barabara ya Nairobi na Mombasa



Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akiisha kupita Sultan Hamud na Emali, hufika Kiboko baada ya mwendo wa maili mia moja hivi, yaani kilomita 160. Ametoka katika baridi ya nyanda za juu, mahali palipo karibu mita 1,700 juu ya bahari, naye sasa yu chini ya mita 1,000, katika nchi ya migunga na udongo mwekundu, na jua linamwakia utosini. Hapo wengi hupenda kupumzika. Motokaa huwekwa chini ya mti, wazee hunywa chai, watoto hunyosha miguu. Kisha wanaporudi na kufungua mlango, hupokewa na harufu kali iliyokuwa imefungiwa ndani. Ni petroli.

Dereva mmoja atafungua madirisha na kuendelea na safari. Mwingine atasema, "Gari hili ni la zamani, ndivyo lilivyo." Neno hilo la pili ndilo baya zaidi, maana humzuia mtu asitafute. Motokaa kuukuu hunuka mambo mengi bila hatari: oili, vumbi, ngozi ya viti, hata jogoo aliyesafirishwa sikukuu ya mwaka jana. Lakini hapajatengenezwa motokaa, ya zamani wala mpya, iliyokusudiwa kunuka petroli mahali wanapokaa watu. Harufu ikiwapo, pana tundu, au ufa, au mpira uliochoka, nao una mahali pake, na mahali hapo huweza kuonekana.

Wenyeji wa Kiboko hawahitaji kufundishwa harufu hii. Mabomba makubwa yachukuayo mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi yamepita katika nchi yao. La kwanza lilianza kazi mwaka 1978. Mwezi wa Mei 2015 mafuta yalivuja upande wa Kibwezi yakaingia katika mto Thange, na mwezi wa Machi 2019 yakavuja Kiboko penyewe. Watu wa huko wamekwisha kujifunza kwa gharama ya maji yao na mashamba yao ya kuwa mafuta yaliyofichika yana madhara sawa na yale yanayoonekana.

Yafaa kwanza kuijua tabia ya petroli. Kinachoshika moto si maji yake, ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata katika baridi ipitayo ya barafu. Kwa joto la Kiboko hutoka kwa wingi mno. Ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Kwa hiyo haupandi ukapotea kama moshi wa jikoni, bali hushuka, hulala sakafuni, hujaa chini ya viti na katika pembe za buti. Sehemu moja na nusu tu ya mvuke katika sehemu mia za hewa yatosha kuwaka, na cheche ndogo ya swichi ya taa yatosha kuuwasha. Wakenya hawajasahau tarehe 31 Januari 2009 huko Sachang'wan, lori la mafuta lilipopinduka na moto ukaua watu zaidi ya mia moja, wala hawajasahau tarehe 12 Septemba 2011 katika kijiji cha Sinai, Nairobi. Huko petroli ilikuwa nyingi. Katika motokaa ni kidogo, lakini watu wamefungiwa nayo ndani, na milango ni midogo, na mtoto aliye katika kiti cha nyuma hajui kufungua komeo.

Hata pasipo moto, mvuke wa petroli humwumiza aupumuaye. Kichwa huuma, moyo huchafuka, macho huwa mazito, na dereva aliyelewa mvuke huendesha kama aliyelewa pombe. Tena pua ina udhaifu mmoja ambao kila mtafutaji lazima aujue: huchoka upesi. Mtu akikaa katika harufu kwa robo saa haisikii tena, naye hudhani ya kuwa imekwisha. Kwa sababu hii abiria aliyeingia sasa hivi ndiye shahidi wa kusadikiwa, si dereva. Na mtafutaji naye sharti atoke mara kwa mara, aende hatua ishirini upande unakotoka upepo, avute hewa safi, kisha arudi kunusa tena.

Basi harufu inapotambuliwa, injini izimwe, watu wote washuke, milango yote na buti vifunguliwe, na gari liachwe lipigwe na upepo. Sigara isiwepo karibu. Kiberiti, mshumaa na taa ya mafuta visitumiwe kwa kutazama, ingawa wako watu waliofanya hivyo, na wengine wao hawapo leo kueleza walichokiona. Tochi iwashwe mbali, ndipo iletwe karibu. Mafundi wengi hukimbilia kufungua waya wa betri, na jambo hilo ni jema, lakini lina wakati wake: kuufungua waya huo hutoa cheche, kwa hiyo hufanywa baada ya mvuke kuondoka, si kabla. Kizimamoto cha unga kiwe mkononi, au mchanga wa kutosha, ambao Kiboko haukosekani. Maji hayafai, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kwenda nayo ikiwa inawaka.

Baada ya hapo yapasa kuhakikisha ya kuwa harufu ni ya petroli kweli. Moshi wa injini nao huingia ndani ya magari ya zamani, hasa yale yenye mlango mkubwa wa nyuma, kwa sababu gari linapokwenda hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kuvutwa kuelekea mbele. Moshi huwasha macho na huja injini ikiwa inazunguka tu. Huo una hatari yake peke yake, maana ndani yake imo kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Dizeli nayo hunuka kwa namna nyingine: ni nzito, ina mafuta, hushika mikono na haiondoki upesi. Petroli hupanda puani kwa ukali kisha hukauka.

Yapo pia mambo madogo ambayo ni aibu kuyakuta baada ya kulifungua gari lote. Huko Kiboko na Makindu wakulima wa mboga hutumia pampu za petroli kuvuta maji ya kumwagilia, na jerikeni ya pampu hupandishwa katika buti bila kufungwa sawasawa. Matone machache yaliyomwagika juu ya zulia hunuka kwa majuma. Kiatu cha dereva aliyekanyaga petroli penye kituo cha mafuta hunukia gari zima. Vitu hivi viondolewe, zulia litolewe na kuanikwa, kabla ya kumshuku fundi, tangi au kiwanda.

Ikiwa harufu ingalipo, kazi ya kweli huanza, nayo huanza kwa maswali kabla ya spana. Je, harufu huja wakati gani? Huja tangi likiwa limejaa tu, au siku zote? Huja gari likikata kona? Likipanda mlima? Huja asubuhi injini ikiwa baridi, au dakika kumi baada ya kuizima ikiwa moto? Huzidi madirisha yakifunguliwa, au hupungua? Mwenye gari akiandika majibu haya katika kipande cha karatasi kwa muda wa siku nne au tano, huenda akamwokolea fundi kazi ya siku nzima, na mfuko wake mwenyewe ukapata nafuu. Fundi akiambiwa tu kwamba "gari linanuka," atabadilisha kile kilicho karibu na mkono wake.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu mwenye Volkswagen ya zamani, ile iliyofanana na kobe. Motokaa hizo zilipata sifa kubwa katika Afrika ya Mashariki, zikashinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na hata leo ziko nyingi zinazotembea. Tuseme mwalimu huyo amejaza tangi Nairobi alfajiri, akafika Kiboko saa nne, akasikia harufu. Afanye nini? Watu tisa katika kumi wataenda nyuma, kwa kuwa injini ya Volkswagen iko nyuma, na wakiona pakavu watasema hakuna kitu. Lakini tangi la gari hilo liko mbele, chini ya boneti, karibu na miguu ya dereva, na ukuta wa bati ulio baina yake na abiria una matundu ya nyaya. Yapo basi magari mawili katika gari moja, na yafaa kujua ni lipi linalonuka.

Njia ya kujua ni rahisi. Katika Volkswagen nyingi za zamani hewa ya moto ya kupasha abiria hutoka kwenye feni ya injini, hupita katika mabomba ya pembeni na kutokea karibu na miguu. Petroli ikivuja nyuma, feni huivuta harufu na kuipeleka mbele kwa njia hiyo. Mwalimu na afunge kabisa hewa ya moto, ambayo Kiboko haimfai kitu, kisha aendeshe kidogo. Harufu ikipungua sana, kosa liko nyuma. Isipopungua, na hasa ikizidi anaposhika breki kwa nguvu au anapokata kona, kosa liko mbele, katika tangi lililojaa, ambamo petroli hurukaruka na kugonga dari lake.

Akifungua boneti, atazame mahali pa namna tatu. Kwanza kifuniko cha tangi na mpira wake: mpira huo hukauka, hupasuka, na hugharimu fedha kidogo. Pili, kipimo cha petroli kilichofungwa juu ya tangi kwa skurubu, ambacho chini yake mna gasiketi. Gasiketi ikiwa imekauka, petroli hutoka pembeni kila tangi linapojaa, nayo huacha duara jeusi la vumbi lililoganda. Tatu, mpira mwembamba wa kupumulia. Tangi lolote sharti lipumue, na mpira huo huupeleka mvuke nje. Ukichomoka, au ukipasuka kwa uzee, tangi hupumua ndani ya gari. Mpira huu ndio hutazamwa mwisho na aghalabu ndio wenye kosa, kwa kuwa hauonekani ukivuja: hautoi tone hata moja, hutoa mvuke tu. Mafundi hodari wamelitoa tangi zima na kulirudisha kwa sababu ya mpira wenye urefu wa mkono.

Kwa nini basi harufu ilingoja mpaka Kiboko? Sababu ni joto. Petroli hutanuka inapopata joto. Lita 50 zilizotiwa Nairobi katika baridi ya alfajiri, zikipashwa joto digrii ishirini, huongezeka karibu lita moja, na tangi lililojazwa mpaka shingoni halina mahali pa kuiweka lita hiyo. Itatafuta njia, na njia yake ni ule mpira uliochoka. Wahudumu wengine wa vituo vya mafuta huendelea kutikisa gari na kuongeza matone baada ya mpini kujifunga. Huo si ukarimu. Na yule anayetoka Mombasa kupanda Nairobi ana sababu nyingine tena, kwa kuwa kadiri gari linavyopanda, uzito wa hewa ya nje hupungua, na mvuke ulio ndani ya tangi husukuma kutoka. Kwa hiyo mtu aweza kusikia harufu akipanda wala asiisikie akishuka, na gari likawa lile lile na kosa lile lile.

Katika magari mengine mpango ni tofauti. Land Rover fupi za zamani zina tangi chini ya kiti cha mbele, na anayekaa hapo hukaa, kwa kweli, juu ya petroli. Viti na visanduku vifunguliwe, na juu ya tangi patazamwe, maana mchanga na maji hukusanyika hapo na kulila bati. Magari mengi ya kawaida yana tangi nyuma. Huko shingo ya kutilia mafuta hupita ndani ya buti, au nyuma ya ubao wa pembeni, na huunganishwa na tangi kwa kipande cha mpira mnene. Kipande hiki kikipasuka upande wa chini, petroli humwagika wakati wa kutia tu, hulowesha kitambaa cha buti, kisha siku tatu baadaye harufu imekwisha, na mwenye gari husahau mpaka atakapojaza tena. Ndiyo sababu swali la "lini" lina thamani kuliko swali la "wapi."

Sasa upande wa injini. Magari ya kabureta hupelekewa petroli na pampu kwa nguvu ndogo, nayo mipira yake ni mifupi. Mpira mzuri ukikunjwa hurudi bila alama. Mpira mbaya huonyesha nyufa ndogo kama udongo wa bwawa lililokauka, au huwa laini kama nyama iliyochemshwa kupita kiasi. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa mafuta ya siku hizi. Kenya ilichanganya petroli na spiriti ya miwa katika miaka ya 1980, na tangu mwanzo wa 2006 petroli yenye risasi imeondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Kila badiliko la namna hiyo lilikuwa na faida zake, lakini mpira wa mwaka 1965 haukuulizwa. Mpira wa maji, ule wa bustani au wa rejeta, usitumiwe kamwe mahali pa petroli, hata kwa safari ya kutoka Kiboko mpaka Makindu. Petroli huulainisha na kuuvimbisha, nao huchomoka. Katika Volkswagen mpira huo umepita karibu na distributa, mahali penye cheche kila sekunde, na magari mengi ya namna hiyo yameteketea barabarani kwa kosa la mpira usiofika bei ya kuku.

Katika kabureta lenyewe mna boya na sindano. Boya likijaa petroli likazama, au takataka ikikwama chini ya sindano, petroli hufurika na kumwagika juu ya injini. Dalili zake ni injini kugoma kuwaka ikiwa moto, moshi mweusi, na mafuta kwisha upesi. Harufu inayokuja dakika chache baada ya kuzima injini, kisha ikapotea, yaweza kuwa petroli iliyochemka tu katika kabureta kwa joto. Hiyo katika hali ya hewa ya Ukambani si ajabu, nayo ikiwa ni kidogo na nje ya gari haitishi. Ikiingia ndani, njia yake ya kuingilia ifungwe.

Lipo kosa moja ambalo huwashinda wengi kwa kuwa halina unyevu wa kuonekana. Pampu za zamani zilizofungwa ubavuni mwa injini zina ngozi ya mpira ndani yake. Ngozi hiyo ikitoboka, petroli haidondoki chini. Huteremka ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Gari zima ni kavu, mipira ni mizima, tangi ni zima, na bado linanuka. Fundi na achomoe kijiti cha kupimia oili akinuse. Kikinuka petroli, na oili ikionekana imepanda badala ya kupungua, na imekuwa nyepesi kama maji ya chai, ndicho kisa. Gari hilo lisiendeshwe tena hata hatua moja, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma, na injini huliwa. Pampu ibadilishwe, na oili yote imwagwe na kutiwa mpya.

Magari yenye umri mdogo kidogo, yale ya miaka ya 1990 yasiyo na kabureta, husukuma petroli kwa nguvu nyingi zaidi, mara kumi au zaidi ya zile za kabureta. Hayo hayafai kuchezewa kando ya njia. Bomba lake likifunguliwa ghafula, petroli huruka kama maji ya bomba la mtaani.

Pasipoonekana unyevu kwa macho, ipo dawa ya bei ndogo, nayo imo katika mfuko wa kila mwalimu. Chaki isagwe iwe unga, inyunyizwe kwa brashi juu ya kila kiungo kinachoshukiwa: shingo ya tangi, gasiketi ya kipimo, viungo vya bomba, chini ya pampu. Kisha gari liendeshwe nusu saa. Palipovuja, unga hubadilika rangi na kuganda. Palipo pazima, hubaki mweupe. Udongo mwekundu wa Kiboko hufanya kazi hiyo hiyo bila malipo. Mtu akilala chini ya gari lililopita barabara ya vumbi, ataona bati lote limevaa rangi moja, isipokuwa mahali pawili au patatu ambapo vumbi limeshikamana likawa jeusi, au limeoshwa pakabaki bati tupu. Mahali hapo ndipo pa kutazamwa. Lakini gari lisiinuliwe kwa jeki peke yake mtu akaingia chini yake. Liwekewe magogo au vyuma vya kulishikilia.

Kuhusu kutengeneza, mipira yote ya petroli ibadilishwe pamoja, maana ilizaliwa siku moja na itakufa pamoja. Inunuliwe iliyoandikwa kuwa ni ya mafuta, na ifungwe kwa klipu, si kwa waya wa kufungia ua. Tangi lenye ufa mdogo, likiwa njiani mbali na gereji, limewahi kuzibwa na madereva wa zamani kwa sabuni ya mche iliyosuguliwa ndani ya ufa mpaka ikaushike. Jambo hilo hufaa kumfikisha mtu gereji. Halifai kukaa nalo mwezi.

Na hapa pana jambo linalopasa kusemwa polepole. Tangi la petroli lisipelekwe kuchomelewa kwa sababu tu limemwagwa likawa tupu. Tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa. Lililojaa lina petroli nyingi na hewa kidogo. Lililo tupu lina mvuke na hewa kwa kiasi kile kile kinachotakiwa kulipuka. Kijana wa jua kali akiugusisha moto wake penye tangi hilo, bati hupasuka kama bomu, naye amelikumbatia kati ya magoti. Kuosha mara moja kwa maji ya sabuni hakutoshi, kwa sababu petroli hujificha katika maungio ya bati na katika kutu, hutoka tena inapopashwa moto. Wenye ujuzi na vyombo hulisafisha kwa mvuke wa maji ya moto kwa muda mrefu, au hulijaza maji na kuacha nafasi ndogo tu. Asiyekuwa navyo na anunue tangi jingine, au atumie gundi ya bati iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi. Mwenye gari anayembembeleza fundi achomelee upesi ili awahi safari, huyo anamwomba mtoto wa mwenzake afe kwa niaba yake.

Kuvuja kukiisha kukomeshwa, ndipo matundu ya kuingilia harufu yashughulikiwe: mipira ya matundu ya nyaya katika ukuta wa injini, mpira wa mlango wa buti, ubao ulio nyuma ya kiti cha nyuma. Wengine huanza na haya, kwa kuwa ni rahisi. Matokeo yake ni kwamba harufu hufungiwa nje, dereva hafahamu tena, na petroli huendelea kudondoka gizani juu ya bomba la moshi lililo moto. Pua imenyang'anywa kazi yake, na kosa limeachwa.

Mwalimu wa mfano wetu, akiwa amebadilisha mpira wake wa kupumulia na gasiketi ya kipimo, na asisadiki siku hiyo hiyo. Ajaze tangi kama alivyojaza mwanzo, aende Emali na kurudi Kiboko wakati wa jua kali, ashike breki kwa nguvu mara mbili tatu mahali pasipo na magari mengine, kisha aliache gari madirisha yakiwa yamefungwa kwa saa nzima. Halafu amwite mtu ambaye hakuwamo safarini, amfungulie mlango, amwambie avute pumzi. Zulia lililolowa zamani laweza kuendelea kunuka kidogo kwa siku kadhaa, hata baada ya kuoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani, na harufu hiyo hufifia kila siku. Ile ya kuvuja haififii. Hurudi kila tangi linapojaa. Chaki iliyoachwa juu ya gasiketi mpya itazamwe tena baada ya juma moja.